Mzega, Shogi na Treni ya Reli Moja: Kutoka Njia ya Tabora hadi Fungate ya Dubai



Siku hizi biharusi akirudi kutoka fungate Dubai, picha mojawapo atakayotuonyesha ni ya ile treni ya Palm Jumeirah, inayokwenda juu ya boriti moja hadi karibu na hoteli ya Atlantis, chini majumba na mbele bahari. Mimi ni mshonaji na muuzaji wa nguo za harusi, kwa hiyo picha hizo zinanifikia nyingi pamoja na salamu za shukrani. Wengi wetu tunaiona treni ile kama kitu cha jana, kilichobuniwa na watu wa mafuta na hoteli za nyota tano. Kumbe asili yake ni mzigo juu ya mgongo wa mnyama, katika msafara. Na sisi watu wa visiwani msafara tunaujua, maana mji wetu ulijengwa kwa mali ya msafara uliokuwa ukitoka Tabora.

Leo nataka tuifuate habari hii tangu mwanzo. Ina faida kwa anayependa historia, na ina faida pia kwa anayejiandaa kuanza nyumba.

Mzigo wa njia ya Tabora

Tabora ipo Unyanyembe, katikati ya nchi ya Wanyamwezi. Kutoka Bagamoyo ni kama kilomita 800 kwa njia ya zamani. Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857, wakafika huko mwanzoni mwa Novemba, wakawakuta Waarabu wa Oman na Unguja wamekwishajenga nyumba zao za tembe na kupanda bustani. Wakati huo mahali hapo waliita Kazeh. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miezi minne kwa miguu, na hapo msafara ulikuwa bado haujafika Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika.

Katika nchi nyingi za Kiislamu mzigo wa namna hiyo ulibebwa na ngamia. Kwenye njia yetu haikuwezekana, kwa sababu mapori ya katikati yalikuwa na mbung'o, na mbung'o huua wanyama wa kubeba. Punda walijaribiwa, wengi wakafia njiani. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alileta hata tembo wanne kutoka India, wakashushwa Msasani karibu na Dar es Salaam, ili ijulikane kama wanaweza kuchukua nafasi ya wapagazi. Jaribio halikufaulu. Mzigo ukabaki kwa binadamu.

Mpagazi mmoja alibeba kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi kidogo. Nguo ndizo zilizokuwa fedha ya safari: merikani, ile pamba nyeupe isiyotiwa rangi iliyoletwa na meli za Wamarekani, na kaniki ya rangi ya bluu nzito kutoka India. Zilipimwa kwa mikono, na mikono minane ilikuwa doti moja. Biharusi anayehesabu doti za kanga alizoletewa leo anatumia neno lile lile lililotumika kumlipa mpagazi. Nguo hizo zilikazwa na kufungwa mpaka zikawa ndefu na ngumu kama mto wa kulalia, na furushi hilo waliliita mtumba. Chakula cha siku kiliitwa posho. Malipo ya kupita katika nchi ya mtemi yaliitwa hongo. Maneno haya yote tunayo mpaka leo, ingawa mengine yameharibika tabia.

Sasa, kulikuwa na mzigo usiofungika mtumba. Waya wa shaba wa kutengenezea bangili, ulioitwa masango, ulisafirishwa ukiwa umekunjwa mviringo, mzito na wenye kuteleza. Huo waliugawa mafungu mawili, wakaning'iniza kila fungu kwenye ncha moja ya mti, na katikati ya mti pakakaa begani. Huo ndio mzega. Wakubwa wetu wanaukumbuka kwa wachota maji waliokuwa wakipita mitaani na madebe mawili. Bega moja, mti mmoja, mizigo miwili yenye uzito sawa. Upande mmoja ukizidi, mti unageuka na mbebaji anaanguka nao.

Wanawake pia walikuwa njiani. Wake wa wapagazi wa Kinyamwezi walifuatana na waume zao, vyungu na vyakula kichwani na mtoto mgongoni. Jioni wanaume walipotua mizigo na kunyoosha miguu, kazi yao wanawake ya kupika ndiyo kwanza inaanza.

Na tusifiche lililokuwepo: katika njia hiyo hiyo walipita watu waliofungwa kamba na minyororo, wanawake na watoto miongoni mwao, waliotembea bila doti wala posho ya hiari. Pembe za ndovu na watu viliteremka pamoja kwenda pwani. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliotia saini Sayyid Barghash, lakini mateso ya njiani hayakuisha siku hiyo.

Njia hiyo ilikuwa na harusi zake pia. Hamed bin Muhammed, ambaye sote tunamjua kwa jina la Tippu Tip, alisimulia maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, na humo ameeleza kwamba baba yake, Muhammed bin Juma, alimuoa Karunde, binti wa Fundikira, mtemi wa Unyanyembe. Ndoa ile ilifungua milango ya biashara. Kila nikiisoma najiuliza Karunde mwenyewe aliionaje: nyumba yake imekuwa daraja kati ya pwani na bara, na mizigo yote inapita juu yake.

Treni ya Sultani

Mwaka ule ule wa 1879 ambao tembo walishushwa Msasani, hapa Unguja Sayyid Barghash alianza kujenga reli. Ilitoka kwenye kasri lake mjini ikaenda kusini hadi kasri lake la mapumziko, Chukwani, mwendo wa maili saba. Reli zake zilikuwa nyembamba, upana wa futi mbili tu kutoka chuma hadi chuma. Mwanzo mabehewa yake yalivutwa na nyumbu. Mwaka 1881 kikaagizwa kichwa kidogo cha mvuke kutoka Uingereza.

Reli hii haikujengwa kwa ajili ya karafuu wala pembe. Ilikuwa ya raha: Sultani na watu wake kwenda kupunga upepo na kurudi. Kwa maneno ya leo tungesema ni treni ya bustani ya burudani, yenye mwenyewe mmoja. Barghash alipofariki mwaka 1888, vyuma vikang'olewa na kichwa kikatupwa.

Siku zile mali ya Unguja ilitoka kwenye karafuu za mashamba yetu na kwenye njia za bara, na kubwa katika njia hizo ilikuwa ya Tabora. Fikiria basi: huku pembe moja inashushwa kwa mabega ya watu kwa miezi, kule inasaidia kulipia kigari cha kumpeleka mtu Chukwani kwa starehe. Simsemi vibaya marehemu, maana maji ya bomba ya mji alituletea yeye. Nasema tu kwamba starehe ina mbebaji, na mara nyingi mbebaji hayupo kwenye picha.

Ngamia wa Algeria

Wakati huo huo, upande mwingine wa Afrika, mhandisi mmoja Mfaransa aitwaye Charles Lartigue alikuwa Algeria. Kule jangwani hakuna mbung'o, na misafara ilikwenda kwa ngamia. Aliwaona wamebeba mizigo mizito iliyoning'inia pande mbili za mgongo, sawa kwa sawa, wakipita kwenye mchanga ambao reli ya kawaida ingezikwa na upepo.

Sisi tunalo neno la kifaa hicho: shogi, ule mfuko wa ukili wa pande mbili anaowekwa punda mgongoni. Mwenye kushona ataelewa mara moja. Ni kitu kimoja chenye matumbo mawili, na mshono wa katikati ndio unaobeba kila kitu.

Lartigue akafanya mgongo wa ngamia kwa chuma. Alisimamisha miguu yenye umbo la herufi A, ikiwa imeinuka kutoka ardhini kiasi cha kufika kiunoni mwa mtu, na juu yake akalaza reli moja tu. Mabehewa yake yalikaa juu ya reli hiyo kama shogi, tumbo moja kulia na moja kushoto. Mchanga ukahamia huku na huku chini, na reli ikabaki juu. Mwaka 1881 alikuwa na njia ya aina hiyo ya kilomita 90 hivi, ya kusafirishia majani yanayotumika kutengeneza karatasi, na nyumbu ndio waliovuta.

Hakuwa wa kwanza kuwaza reli moja. Mwingereza Henry Palmer alipata hataza ya wazo hilo mwaka 1821, na mwaka 1825 farasi walivuta mabehewa yake huko Cheshunt, Uingereza. Mwaka 1876, kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, Marekani, treni ya mvuke ya reli moja ilibeba wageni waliokuja kutembea. Hapo ndipo kitu hiki kilipoanza kuzoea kazi yake ya baadaye, kufurahisha watu. Lakini ni Lartigue aliyeifikisha mbali, na mwalimu wake alikuwa ngamia wa msafara.

Mwaka 1888, mwaka aliofariki Sayyid Barghash, njia ya Lartigue ya kubeba abiria ilifunguliwa Ireland, kati ya miji ya Listowel na Ballybunion, kilomita 15 hivi. Kichwa chake cha mvuke kilikuwa na matangi mawili ya kuchemshia maji, moja kila upande, ili kisiegemee. Abiria nao walipaswa kugawanywa. Aliyetaka kuhamia upande wa pili alihitaji ngazi ya kupita juu ya reli. Wenyeji wanasimulia kwamba mtu akisafirisha piano, upande wa pili iliwekwa ng'ombe kusawazisha. Kisha ili ng'ombe arudi, ng'ambo yake wakawekwa ndama wawili. Na ndama walirudi vipi? Mmoja huku, mmoja huku. Njia hiyo ilifanya kazi hadi 1924.

Bustani za burudani

Treni ya leo ya reli moja, tuite monoreli, ilitokana na tajiri wa Kisweden, Axel Wenner-Gren. Herufi za mwanzo za jina lake zilitoa jina la kampuni, Alweg, iliyofanya majaribio karibu na mji wa Köln, Ujerumani, katika miaka ya 1950. Walt Disney alipoiona alitaka moja kwa bustani yake ya California, na tarehe 14 Juni 1959 monoreli ya Disneyland ilifunguliwa, Richard Nixon, aliyekuwa makamu wa rais, akihudhuria na familia yake. Mbunifu wa umbo lake ni Bob Gurr. Mwanzo ilizunguka tu ndani ya bustani. Mwaka 1961 ikarefushwa hadi hotelini. Kisha ikafuata ya maonyesho ya Seattle mwaka 1962, ya uwanja wa ndege wa Haneda, Tokyo, mwaka 1964, na ya Disney World, Florida, mwaka 1971. Ya Palm Jumeirah, yenye urefu wa kilomita 5.4, ilifunguliwa 2009 kwa teknolojia ya Hitachi ya Japani, kampuni iliyojifunza kazi hiyo kwa Alweg.

Inavyofanya kazi si siri. Reli yake ni boriti nene ya zege juu ya nguzo. Behewa huikalia boriti kama mtu aliyepanda farasi. Magurudumu ya mpira yanakanyaga juu ya boriti na kubeba uzito, na mengine madogo yanaibana kutoka ubavuni, kulia na kushoto, ili behewa lisiyumbe. Umeme unapita kwenye waya uliolazwa ubavuni mwa boriti. Kwa kuwa ni mpira juu ya zege, kelele ni chache na mlima inaupanda vizuri. Ukiwa ndani huoni njia chini yako, ndiyo maana unahisi unaelea.

Tofauti na ya Lartigue ni kwamba hapa abiria wamepandishwa juu ya boriti, hawaning'inii ubavuni. Lakini sheria ya mzega ipo pale pale: pande mbili zinashikilia kitu kimoja, na hakuna upande unaoruhusiwa kulegea.

Kwa nini Tabora haikupata reli moja

Monoreli ina udhaifu mmoja mkubwa. Reli ya kawaida ikitaka kugawanyika, kipande chembamba cha chuma kinasogezwa na treni inashika njia nyingine. Monoreli haiwezi hivyo. Ni lazima boriti zima la zege au chuma lisogezwe. Ni kazi ngumu na ya gharama. Kwa sababu hiyo imekaa vizuri zaidi kwenye kuzunguka, au kwenda na kurudi pale pale: bustani, hoteli, uwanja wa ndege.

Tabora ni kinyume chake. Tabora ni njia panda. Zamani za msafara, hapo ndipo watu walipoachana: hawa magharibi kwenda Ujiji, hawa kaskazini kwenda Karagwe na Buganda, hawa kusini kuzunguka ziwa. Wajerumani walipojenga Reli ya Kati kutoka Dar es Salaam kuanzia 1905, kwa upana wa mita moja, walifuata kwa sehemu kubwa mwelekeo wa njia ile ile ya wapagazi. Reli ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka 1928, chini ya Waingereza, tawi la Mwanza likakamilika kutokea Tabora. Hata leo abiria wa Kigoma na wa Mwanza huachana hapo. Reli mpya ya SGR nayo inajengwa kupitia Tabora, na inagawanyika hapo hapo, tawi la Mwanza na tawi la Kigoma.

Safari ya miezi minne ikawa ya siku chache, kisha ya saa. Mpagazi akatua mzigo. Hiyo ndiyo kazi bora ambayo chuma imewahi kuifanya katika nchi ile, na imefanywa na reli mbili za kawaida zisizopigwa picha na biharusi yeyote.

Tunachobaki nacho

Anayetaka kuona mabaki ya njia, mbali na Tabora kidogo ipo Kwihara, na tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, sasa ni makumbusho. Tangu 2006 njia hii imo katika orodha ya Tanzania ya mapendekezo kwa UNESCO, na Kwihara ni kituo kimojawapo pamoja na Bagamoyo, Mamboya, Mpwapwa, Kilimatinde na Ujiji. Majina ya wazungu yameandikwa huko, na majina ya matajiri wetu yapo kwenye milango ya Mji Mkongwe. Ya wapagazi, ya wake zao waliowapikia, na ya wale waliopita na minyororo, mengi anayajua Mwenyezi Mungu peke yake. Tukiomba dua kwa waliotangulia, na wao tuwatie ndani, Waislamu na wasio Waislamu tuwakumbuke kwa heri. Jasho lao limo katika kuta tunazopigia picha za harusi.

Kwa maharusi wangu nina neno moja la fundi. Gauni likitiwa shanga nyingi upande mmoja, halikai, hata kama kitambaa ni cha bei gani. Linavuta bega, na jioni mvaaji ana maumivu asiyoweza kuyaeleza. Dawa yake si kuvumilia. Dawa ni kufumua na kugawa shanga upya. Nyumba nayo ni mzega. Kabla ya kuhesabu doti na dhahabu, kaeni na mwenzio mpime: nani atabeba nini, wazazi wa nani watatazamwa vipi, pesa ya kazi yako itatumikaje. Semeni mapema, maana mti ukishageuka begani ni kuchelewa.

Na ukijaaliwa kupanda ile treni ya Palm, chungulia dirishani pale boriti inapokata kona. Utaona magurudumu hayaonekani, yameibana boriti kwa chini, huku na huku. Kilichokubeba wewe kilianza na mtu aliyewatazama ngamia, na kwenye njia yetu ngamia alikuwa ni binadamu.